Tom Mboya na Karata Mbovu

Kuna swali moja katika michezo ya karata ambalo mabingwa wameliandikia vitabu na bado hawajalimaliza: mtu aliyegaiwa karata mbovu anyamaze, au atangulie kusema?

Mchezo ninaoukusudia ni briji, ambao hapa kwetu Pwani haukuenea kama michezo ya turufu tunayoijua barazani. Lakini anayezijua kopa na shupaza, uru na pau, hawezi kupotea njia nikimweleza. Wachezaji ni wanne, wawili dhidi ya wawili, na kila mmoja hupata karata 13. Kabla karata ya kwanza haijateremshwa mkekani huwa pana mnada. Kila mtu, zamu yake ikifika, ama hutaja yeye na mwenziwe watakula mara ngapi, na kwa turufu gani, ama hupita. Ree huhesabiwa alama 4, mzungu wa nne alama 3, mzungu wa tatu 2, na mzungu wa pili 1, hata karata zote pamoja zikawa na alama 40. Mwenye alama 12 au 13 hufungua mnada bila ya wasiwasi. Aliye chini ya hapo, mwanafunzi hufundishwa apite.

Mabingwa lakini wana fundisho la pili. Wakimwona mtu ana alama 6 au 7 tu, na yaliyobaki ni magarasa, ila kati ya karata zake 13 saba ni za shupaza, hawamwachi anyamaze. Humwambia ataje, tena ataje juu, kabla wapinzani hawajapata nafasi ya kuelezana walicho nacho. Kwani wenye nguvu wakiachiwa waseme taratibu, watafahamiana, na wakishafahamiana mnyonge hana lake. Akitangulia yeye, huwabidi waanze mazungumzo yao mahali pa juu, tena gizani. Ila hapana budi atazame mambo matatu: karata zake ziwe zimeshikamana, si huku mbili na kule mbili, mwenziwe awe bado hajapita, na faini ya kushindwa iwe ni ya kuweza kulipika.

Mwalimu wangu wa chuoni, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akimkuta mtoto na karata mfukoni huichana vipande vipande, na hakuwa akiuliza kama ilichezewa pesa au haikuchezewa. Sisi tuliokuja kujifunza ukubwani hatukuweka hata thumni juu ya mkeka, maana kamari ni haramu na hilo halina mjadala. Nalisema mapema ili nisije nikaandikiwa barua.

Swali hili lilinirudia nilipokuwa na safari ya Migori. Kurejea nilishika njia ya Rongo na Rodi Kopany mpaka Homa Bay. Nchi yote hiyo zamani ilikuwa wilaya moja, South Nyanza, na makao yake yakiwa hapo hapo Homa Bay. Leo ni kaunti mbili, Migori na Homa Bay. Ukiendelea kando ya ziwa utafika Mbita, na ng'ambo ya Mbita ndiko Rusinga, kisiwa cha Wasuba. Huko ndiko asili ya hayati Thomas Joseph Mboya, na ndiko liliko kaburi lake. Mji wa Homa Bay una chuo kikuu chenye jina lake. Sisi wa Mombasa tuna barabara ya jina lake pale Tudor, na vijana wanaopita hapo kila siku kwenda kusoma wengi hawajui mtu huyo alikuja Mombasa kufanya nini.

Mboya hakuzaliwa Rusinga. Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge la Mzungu, ambako baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa mnyapara. Kwa hiyo mtoto wa watu wa ziwa alikulia bara, katikati ya watu wa makabila mengine, na Kikamba na Kiswahili vikakaa ulimini mwake mapema. Alisomea misheni ya Kabaa huko Ukambani, kisha Yala, kisha Mang'u. Pesa za kumwendeleza mbele hazikuwapo. Mwaka 1948 akaingia mafunzo ya ukaguzi wa afya, na mwaka 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi.

Katika kazi hiyo mkaguzi mweusi alilipwa chini ya mkaguzi mweupe, ingawa kazi ni moja na cheti ni kimoja. Kuna kisa alichokuja kukieleza mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1963. Siku moja alikuwa peke yake ofisini, akaingia mwanamke wa Kizungu, akatazama huku na huku, kisha akamuuliza yeye huyo huyo kama hamna mtu humu ndani. Mboya wakati huo alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na kisa hicho hakikumtoka moyoni.

Sasa tuzihesabu karata zake. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari. Jomo Kenyatta na wenzake wakakamatwa. Mwezi wa Juni 1953 chama cha KAU kikapigwa marufuku. Wa vyama vya wafanyakazi walikuwa wameshatangulia kufagiliwa: Chege Kibachia, aliyeongoza wafanyakazi wa Mombasa baada ya mgomo mkuu wa Januari 1947, aliwekwa kizuizini mwaka huo huo; Makhan Singh na Fred Kubai walitiwa mbaroni mwaka 1950. Kila aliyekuwa na ree mkononi alinyang'anywa. Aliyebaki mezani ni kijana wa miaka 23, mkaguzi wa vyoo na masoko, hana chama cha siasa, hana mali, na kabila lake haliko hata karibu na Nairobi.

Ndipo alipotaja. Mwaka 1953 alianzisha chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na mwaka huo huo akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vyote vya wafanyakazi. Wengi waliona ni ujinga. Mimi nikiyatazama mambo yake naona alizihesabu karata vizuri kuliko waliomcheka. Alama hakuwa nazo, lakini alikuwa na shupaza saba: sheria ilikuwa imekataza siasa, haikukataza chama cha wafanyakazi kilichosajiliwa. Na mwenziwe alikuwa bado hajapita. Mwenzi huyo alikuwa ng'ambo, yaani shirikisho la kimataifa la vyama huru vya wafanyakazi lenye makao Brussels, na vyama vya Uingereza na Marekani. Serikali ya Nairobi ikimgusa, London kutakuwa na maswali Bungeni. Aprili 1954, askari walipouzingira mji wa Nairobi na kuzoa maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, shirikisho lake lilikuwa miongoni mwa sauti chache mno za Kiafrika zilizoweza kulalamika waziwazi, na malalamiko hayo yakafika Ulaya.

Faini je? Faini ilikuwa kizuizini, naye alikuwa hajaoa. Nafikiri hilo nalo lilikuwamo katika hesabu.

Mwezi wa Machi 1955 habari yake ikafika kwetu. Makuli wa bandari ya Kilindini waligoma. Mgomo haukuitwa na chama. Ulizuka wenyewe, kwa sababu mshahara haukutosha chakula na chumba, na bandari ikasimama. Mboya akateremka kutoka Nairobi. Zitazame karata zake hapo: wagomaji hawakumchagua, waajiri hawakumwita, na serikali ilikuwa na sheria za hatari mkononi. Angeweza kupita. Alikwenda kwa waajiri kama kwamba makuli wote wamo nyuma yake, kisha akaenda kwa makuli na kuwaambia warudi kazini, jambo ambalo aghalabu humfanya mtu aonekane kibaraka, huku yeye akidai shauri lao likatwe na baraza la usuluhishi. Walirudi. Baraza likakaa, na makuli wakapata nyongeza kubwa ya mshahara. Tangu hapo chama cha makuli kikasimama imara pale bandarini. Wazee waliofanya kazi Kilindini, niliowakuta mimi utotoni, walikuwa wakimtaja Mboya kama mtu wa mtaani kwao.

Pana siri katika safari ile ambayo wacheza karata wataiona upesi. Alifungua kabla waajiri, polisi na ofisi ya Gavana hawajakaa pamoja kukubaliana. Angalisubiri wiki mbili, makuli wangelikuwa wamekwisha kuvunjwa, na hata mwenye alama 20 asingeliwafaa kitu.

Mwaka huo akaenda kusoma Ruskin College, Oxford, na mwaka 1956 akazuru Marekani kwa mara ya kwanza. Alirudi na ahadi ya dola 35,000 kutoka vyama vya wafanyakazi vya huko, ambazo ndizo zilizosaidia kujenga Solidarity House mjini Nairobi. Wakati yuko nje, serikali ilitishia kulifutia usajili shirikisho lake, na bwana mkubwa wa vyama vya wafanyakazi vya Uingereza akaja Nairobi mwenyewe kupatanisha. Hapo ndipo mwenziwe wa ng'ambo alipoteremsha karata zake.

Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wawakilishi wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa 8 tu, na Wazungu waliochaguliwa walikuwa 14. Kura yenyewe haikuwa ya watu wote. Ilikuwa ya wenye elimu, mali au utumishi, na wengine walikuwa na kura zaidi ya moja. Mboya alisimama Nairobi dhidi ya Clement Argwings-Kodhek, wakili wa kwanza wa Kiafrika nchini, akamshinda kwa kura chache. Pwani ilimpeleka Ronald Ngala. South Nyanza, nchi hii hii ya Homa Bay na Migori, ilimpeleka Lawrence Oguda.

Wale wanane wakafanya jambo ambalo halikutarajiwa. Walitakiwa wakubali wizara na wajifunze kazi polepole. Siku ya kwanza wakasema katiba hiyo hawaitambui na wizara hawazitaki. Wanane! Kwa hesabu ya alama ni kichekesho. Lakini walikuwa rangi moja yote, hakuna hata mmoja aliyechomoka, na Uingereza iliyotoka kuaibika Suez mwaka 1956 haikuwa na hamu ya vita vingine Kenya. Kabla mwaka haujaisha Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, alikuwa Nairobi, na viti vya Waafrika vikawa 14. Hivyo navyo wakavikataa kuwa havitoshi. Mwaka 1958 Mboya na wenziwe walishitakiwa kwa maneno makali waliyowaandika Waafrika waliokubali viti maalumu, wakatozwa faini. Faini ya kulipika.

Nisije nikamfanya mtu huyu malaika wa mnada. Juni 1958 karata nyingine ilikuwa mezani, ngumu kuliko zote, nayo ni jina la Kenyatta. Kulitaja kwa heshima barazani kulikuwa ni kama kujitia kitanzi. Aliyetaja ni Oginga Odinga. Alisema kuwa wale waliofungwa bado ni viongozi wa watu, na ukumbi ukawaka moto. Wenzake wengi waliogopa, na Mboya siku ile hakuwa wa kwanza kusimama naye. Baadaye alilishika jina hilo kwa nguvu zote, lakini mnada ulikuwa umekwisha kufunguliwa na mtu mwingine. Mimi naona hesabu ya Odinga siku ile ilikuwa bora: alijua nyuma ya jina lile kuna watu wengi walionyamaza kwa hofu, na kwamba akitokea mmoja wa kusema watamfuata.

Desemba 1958, Kwame Nkrumah alipowaita watu wa Afrika nzima mjini Accra, mwenyekiti wa mkutano alikuwa Mboya, na umri wake miaka 28.

Kisha ikaja habari ya ndege. Mwaka 1959 alizunguka Marekani akihutubia vyuo na vyama, na akiwaomba wakuu wa vyuo nafasi za masomo kwa vijana wa Kenya. Nafasi alizipata. Nauli hakuwa nayo. Angelisubiri mpaka apate nauli, mwaka wa masomo ungelianza vijana wako majumbani. Kwa hivyo alitangaza safari kwanza, pesa zikatafutwa nyuma yake. Rafiki yake Mmarekani, William Scheinman, na watu mashuhuri kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, walisaidia kuzichanga, na Septemba 1959 vijana 81 wakapanda ndege Nairobi. Mwaka uliofuata walikuwa wengi zaidi na pesa zikawa hazipo tena. Mboya akaenda kwa Seneta John Kennedy, nyumbani kwake Hyannis Port, Julai 1960, wakati Kennedy anagombea urais. Wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na mara serikali iliyokuwa imekataa ikakumbuka kuwa nayo ina pesa, kwa vile Nixon naye alikuwa anagombea. Miongoni mwa walioondoka mwaka huo ni Wangari Maathai.

Homa Bay wana mtu wao katika habari hiyo. Barack Obama, baba, alizaliwa upande wa Kendu Bay, na mzazi wake, Hussein Onyango, alikuwa amesilimu. Hakuwamo katika ile ndege ya watu 81. Alikwenda Hawaii mwaka huo huo wa 1959 kwa msaada wa watu wengine, lakini Mboya alikuwa rafiki yake na mfadhili wa mambo yake. Mwanawe alitawala Marekani kuanzia 2009 hadi 2017.

Januari 1960 wajumbe walikwenda Lancaster House, London, na waliporudi, Waafrika walikuwa wameahidiwa wingi wa viti. Hapa nataka nigeuke kidogo kuitazama Pwani, maana msomaji wangu wa Mombasa au Malindi amekuwa akiniuliza kimoyomoyo: na sisi je? Wazee wetu wa Mwambao walikuwa na karata moja nzuri, mkataba wa 1895 baina ya Sultani na Waingereza juu ya ukanda wa maili 10. Walipoanza kuitaja kwa sauti kubwa, baada ya Lancaster, mnada ulikuwa umefika mbali. Bwana Robertson aliyeletwa kuchunguza aliandika mwaka 1961 kuwa ukanda uunganishwe na Kenya, na Oktoba 1963 ikatiwa sahihi. Tena karata zao hazikushikamana: Mwarabu alitaka hili, Mmijikenda lile, na Ngala alikuwa na majimbo yake. Hata hivyo hawakuondoka mikono mitupu. Mahakama ya kadhi, hati za mashamba na uhuru wa ibada viliandikwa katika barua zilizobadilishwana baina ya Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar. Mimi ni katika wanaoamini kwamba wangelitaja miaka mitano mapema wangelipata zaidi. Wako wasioafikiana nami, na baraza yangu ina kelele kila nikilisema.

Mboya kwa upande wake sasa alikuwa na karata nzuri. Mwaka 1960 akawa katibu mkuu wa KANU. Katika uchaguzi wa 1961 alipata Nairobi kura zaidi ya 31,000, na mpinzani wake hakufikia 3,000, katika mji ambao wapiga kura wengi hawakuwa wa kabila lake. Mwaka 1962 alikuwa Waziri wa Kazi, na Januari ya mwaka huo akamwoa Pamela Odede. Mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria na Mambo ya Katiba, kisha wa Mipango ya Uchumi, na mwaka 1965 ofisi yake ikatoa ile karatasi ya serikali namba 10 juu ya ujamaa wa Kiafrika, ambayo wataalamu wanaigombania hadi leo.

Naona ni haki kusema kuwa kwa karata nzuri hakucheza vizuri kama alivyocheza kwa mbovu. Mkutano wa KANU wa Limuru mwaka 1966, uliomng'oa Odinga katika umakamu, yeye alikuwa mmoja wa waliouandaa. Odinga alipounda KPU, sheria ikageuzwa haraka ili wabunge waliohama warudi kwa wapiga kura, na mwaka huo huo serikali ikarudishiwa uwezo wa kumfunga mtu bila ya kesi. Kijana aliyeponea katika mwanya mwembamba wa sheria za mkoloni alikuwamo katika serikali iliyouziba mwanya huo mbele ya wenzake. Na kwa kumvunja Odinga alijipunguzia watu wa ziwani, huku Nairobi wale aliowasaidia wakimwona sasa ni mtu wa kuogopwa, kwa kuwa Mzee Kenyatta alikuwa anazeeka na kiti kilikuwa kinatazamwa.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, mchana, ametoka tu kurejea safari ya Addis Ababa, aliingia katika duka la dawa la Chhani, barabara ya Government, ambayo leo inaitwa Moi Avenue. Alipotoka nje alipigwa risasi. Umri wake ulikuwa miaka 38. Nahashon Njenga alishitakiwa, akahukumiwa na akanyongwa kabla mwaka haujaisha. Aliyemtuma hakupata kufikishwa mahakamani. Ibada ya Nairobi iligeuka ghasia, na gari la Rais lilirushiwa mawe. Mwili ukasafirishwa mpaka ziwani na kuvushwa Rusinga, ukazikwa Kasawanga, nyumbani kwa baba yake. Jengo walilolijenga juu ya kaburi lina umbo la risasi, na ndani yake zimetundikwa picha zake, nyingi za ujanani.